Malimau Si ya Kula Paka

Wifi yangu Marietha alijua tunda gani paka anaweza kuonja na lipi litamdhuru, na kwa ajili hiyo watu walimwita Mama Paka, jina ambalo hakulipenda hata siku moja. Walidhani amejifunza hayo kwa kupenda wanyama. Mimi Sara, niliyeolewa na mdogo wake Antipasi na kukaa na Marietha ua kwa ua miaka yote ile, najua alijifunza kwa hasira. Alimkasirikia mwanamume mmoja aliyempenda sana.

Mwanamume huyo alikuwa Kefa, mumewe. Alikuwa Mnyiramba wa Iguguno, fundi uashi, aliyekuja kwetu Mungaa kujenga ghala la karanga miaka michache kabla ya uhuru. Ghala lilipokwisha wenzake walirudi kwao. Kefa akabaki, akisema udongo wa Mungaa ni mzuri kwa matofali. Udongo wetu kila mtu anaujua, hauna uzuri wowote. Alikuwa amemwona Marietha.

Yeye akisema Kinyiramba na Marietha akisema Kinyaturu, walisikilizana nusu na nusu wakachekana. Kwa hiyo nyumbani mwao walitumia Kiswahili, tofauti na nyumba zetu nyingine zote, ambako Kiswahili kilikuwa cha mkutanoni na kanisani. Wazee walipopita pale na kuwasikia wakisemezana hata habari za chumvi kwa Kiswahili, waliuliza kama ndani kuna karani wa serikali. Mimi nilipenda kuwasikiliza. Kilikuwa Kiswahili chenye makosa, kila mmoja akiongezea maneno yake, lakini wao kiliwatosha.

Mungu hakuwajalia mtoto. Mwaka mmoja panya walipozidi kwenye uwele, Kefa akaleta paka mdogo ndani ya mfuko wake wa zana, katikati ya mwiko na timazi. Alikuwa mweusi, kifua cheupe, anakaa wima kizingitini akitazama wengine wanavyofanya kazi. Wakamwita Karani.

Karani alikuwa na tabia yake. Panya alikamata, nyama alikula, lakini ukipasua tikiti alikuja mbio na mkia juu, akalamba ule wekundu mpaka ndevu zinadondosha maji. Mimi sijaona paka mwingine wa namna ile katika kijiji chetu. Kefa alicheka akasema huyu amezaliwa mwaka wa njaa.

Ulipofika mwaka wa Azimio la Arusha, Kefa akapata kazi ya reli Itigi. Makubaliano yalikuwa atangulie, akipewa kota, nyumba ya wafanyakazi wa reli, amwite mkewe. Kota akapewa. Basi tukaanza kungoja Marietha aondoke, na Marietha haondoki. Kwanza mama mkwe wangu aliugua, naye ndiye binti pekee. Mama alipofariki, ukaja msimu wa kupalilia. Baada ya hapo ikawa miguu. Marietha alikuwa na magaga ya kutisha, nyayo zimepasuka mpaka damu inatoka, na kiangazi cha kwetu ndicho kinachoyachochea. Kutembea mpaka kisimani ilikuwa mateso. Lakini nasema kweli, magaga yalikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ilikuwa woga. Hakuwahi kulala mahali ambapo hakuna mtu anayejua Kinyaturu.

Kefa akaja likizo, akarudi. Akaja likizo ya pili, na hiyo ndiyo iliyoharibu mambo. Alikuwa amebeba papai kutoka sokoni Itigi, kubwa, limeshushwa na treni ya Kilosa, akalishikilia mapajani ndani ya lori njia nzima ili lisipondeke. Akampa mkewe. Marietha akalipasua, akakata kipande, akakwangua mbegu zote vizuri, akamwekea Karani chini.

Hakufanya kwa dharau. Ilikuwa mazoea tu, kwa sababu mwaka mzima alikuwa anakula na yule paka. Lakini Kefa alibadilika rangi.

"Papai nimelibeba toka Itigi, kipande cha kwanza anakula paka?"

"Huyu ndiye ninayekula naye kila siku," Marietha akamjibu. "Wewe nakula na wewe mara moja kwa mwaka."

"Sasa si uje! Kota ipo, jiko lipo. Nani amekuzuia?"

"Kwa miguu hii? Ikipona nitakuja."

Kefa akaitazama ile miguu. Kesho yake akaondoka kabla ya siku zake kwisha. Alipopita kwangu kuaga alikuwa amekunja uso, akaniambia, "Shemeji, mimi siji tena kubembeleza. Akitaka kuja, njia anaijua." Nilimwambia aache utoto. Hakuacha.

Kuanzia hapo wifi yangu alikuwa na swali moja tu maishani mwake, nami nililijua ingawa hakulitamka: je, bado ananitaka? Kefa hakujua kuandika, Marietha hakujua kusoma, na wote wawili walikuwa na kiburi cha kutosha kulisha kijiji. Asubuhi akipiga ufagio alikuwa anasimama kila likipita gari la mbali. Lilipokuwa halisimami, aliendelea kufagia kwa nguvu zaidi.

Kisha, kiangazi kimoja, siku ya gulio, jibu likaja, au sisi tulidhani ndilo jibu. Tulikuwa uani kwake tunamenya karanga. Mwanamume akapiga hodi, jasho linamtoka, mkononi kikapu.

"Wewe ndiye shemeji Marietha? Naitwa Mazengo. Natoka Itigi, mimi na Kefa tuko genge moja la reli."

Marietha akasimama mpaka karanga zikamwagika. "Karibu kiti, shemeji. Karibu sana. Kefa hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Sikai, lori la mbuzi linanisubiri." Na kweli honi ilikuwa inalia upande wa gulioni. Akaweka kikapu chini. Kilijaa malimau, ya manjano, makubwa, ambayo kwetu ungeyaona kwa nadra. Mazengo alikuwa Mgogo wa Manyoni, Kiswahili chake kinakimbia, na siku ile alikuwa anahema pia. Akasema kwa pumzi moja, "Kefa amesema nikwambie hivi malimau si ya kula paka."

Marietha akabaki ameshika pindo la kanga yake. "Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Hakuna neno lingine?"

"Hakuna. Amesema utaelewa mwenyewe."

"Nimeelewa sana," wifi yangu akasema, na mimi pia nilikuwa nimeelewa, nikamlaani shemeji yangu moyoni. Mwaka mzima kimya, halafu unatuma mtu na kikapu kuja kumsuta mkeo kwa sababu ya kipande cha papai! Haya, nimekuletea matunda, lakini haya usimpe paka wako.

"Basi nimpelekee jibu gani?" Mazengo akauliza, mguu mmoja umeshageuka njiani.

"Mwambie paka amesikia."

Mazengo akaitikia kwa kichwa, akalirudia kimoyomoyo kama mtu aliyetumwa dukani, akakimbilia lori lake. Marietha akaokota karanga moja moja bila kuinua uso. Sikumwambia kitu, maana ningesema neno moja angelia, na yeye hakupenda kulia mbele ya watu.

Malimau hayakutupwa, wala hayakuliwa. Yalikaa kwenye kikapu kando ya mlango mpaka yakaanza kukauka. Siku moja nilichukua moja nikakamulia uji wangu, nikaacha ganda pale chini. Karani akaja akanusa, akalamba, akatoa mate mengi, akatapika, akaenda kujificha nyuma ya mtungi mpaka jioni.

"Umeona?" nikasema. "Kwa hilo mumeo hakukosea."

"Hajakosea," Marietha akajibu. "Anamjua paka kuliko anavyonijua mimi."

Basi hapo ndipo ujuzi wake ulipoanza. Kwa vile Kefa amemkataza malimau, yeye atamlisha Karani kila tunda ambalo si limau, na Itigi wasikie. Hakuwa mjinga lakini. Alimpenda yule paka, hakutaka kumwua kwa ajili ya kumkomoa mtu. Alimpa kipande kidogo, ukubwa wa ukucha, akamtazama mpaka kesho yake, ndipo ampe tena. Akajua hivi: papai lililoiva halina neno, ila mbegu utoe. Tikiti vilevile. Embe, nyama yake tu, ganda na kokwa weka mbali. Ndizi paka hana shida nayo, ataigusa kwa mguu na kuondoka. Machungwa na ndimu ni ndugu wa malimau, usithubutu. Ndulele, yale matunda ya manjano yanayoota hovyo kwenye miiba karibu na mazizi, ni sumu, na nyanya mbichi usiziamini. Zabibu aliziogopa tangu jirani mmoja aliporudi na zabibu za Dodoma, akamtupia paka wake, na paka akaugua. Hatukujua kama ni zabibu au ni kitu kingine. Miaka mingi baadaye binti yangu aliyesomea mifugo aliniambia hata wataalamu wanakataza zabibu kwa paka, na kwamba Mama Paka alifanya vizuri kuogopa.

Bwana mifugo wa tarafa alipopita, Marietha alimweleza yote hayo, naye akasikiliza kwa adabu. Kisha akamwambia, "Mama, umeyasema vizuri. Lakini ujue paka ni mla nyama. Tunda kwake ni kuonja tu, halimjengi. Ukimnyima yote hatadhurika." Marietha akashukuru. Aliporudi kwangu akasema, "Kumbe hata angenyimwa, asingedhurika." Nadhani alikuwa analifikiria lile papai.

Miguu yake haikupona. Alipaka samli, alipaka mafuta ya nyonyo, kiangazi kikija nyayo zinapasuka tena. Na Kefa hakuja.

Ukafika mwaka wa kuhamia vijiji vya Ujamaa. Tuliambiwa tuhame tukakae pamoja kando ya barabara, shule na zahanati zitatufuata. Wengine walienda kwa nyimbo, wengine kwa kusukumwa. Mimi sikuchukia sana, kwa sababu watoto wangu walikuwa wanatembea mbali kwenda shule. Antipasi alinung'unika habari ya mbolea ya zizi, akahama. Marietha hakutaka kabisa. Alikaa mbele ya mlango wake na Karani mapajani, na balozi wa nyumba kumi kumi, jirani yetu Alute, akamsihi kwa upole.

"Dada Marietha, nyumba mpya utajengewa. Huku utabaki na nani?"

"Mume wangu akija atanikuta wapi?"

Alute akanitazama. Mimi nikatazama chini. Kijiji kizima kilijua kwamba Kefa haji, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

"Atauliza," Alute akasema. "Tutamwonyesha."

"Yeye hawezi kuuliza. Wewe humjui. Akikuta nyumba tupu atageuka arudi."

Mwishoni alihama, maana paa liliondolewa na miti yake ikapelekwa kujengea kule. Tukapewa viwanja jirani, nyumba zimepangwa mstari, ukikohoa huku wanakuitikia kule. Karani alikaa siku moja, ya pili akatoweka. Paka hapendi kuhamishwa. Alirudi mahame, kwenye ile nyumba isiyo na paa, akakaa kizingitini kama zamani.

Marietha akawa anamfuata. Anachukua kipande cha papai au tikiti ndani ya jani, anajifunga kanga kiunoni, anachechemea mpaka kule kumshawishi arudi. Anambeba, wanalala, baada ya siku chache Karani amerudi kwao. Watu walimcheka. Wakati huohuo, panya walikuwa wametuvamia kijijini kwa sababu chakula chote kilikuwa mahali pamoja, kila nyumba ikatafuta paka, na waliokuwa wakicheka ndio waliokuja kumwuliza. Mama Paka, wangu amelamba embe. Mama Paka, wangu ameiba parachichi la mwalimu. Kwa parachichi alisema, "Sijui, kwa hiyo usimpe." Na kila mara, mwanzo wa maelezo yake, alitanguliza maneno yaleyale: "La kwanza, malimau si ya kula paka." Wanawake walijifunza sentensi hiyo mpaka watoto wakaifanya wimbo wa kurukia kamba. Nilikuwa nikiusikia wimbo ule natamani kuwachapa.

Siku moja nilimsindikiza mahame. Nilidhani tutamchukua paka tuondoke. Marietha akamwekea Karani papai lake, kisha akakata matawi, akafunga ufagio, akaanza kufagia uwanja wa ile nyumba tupu, kuanzia mlangoni mpaka njia kuu, taratibu, bila kuacha mahali.

"Wifi, unamfagilia nani hapa? Nyani?"

"Nafagia tu."

Ndipo nikaona anavyoutazama ule uwanja kabla ya kuufagia. Alikuwa ameinama anatafuta unyayo. Vumbi lililofagiwa linaonyesha kila aliyepita. Alikuwa akifagia leo ili akirudi aone kama kuna mtu amekuja akasimama mlangoni. Zilikuwepo nyayo za Karani, za kanga na za mbuzi. Nilishikwa na uchungu mpaka nikamwuliza lile ambalo nilikuwa sijathubutu kumwuliza.

"Unamtaka bado?"

"Akija nitamfukuza," Marietha akasema. Akafagia kidogo. "Lakini kwanza aje."

Tukarudi na Karani kwenye kapu.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, mwanamume mmoja mwenye mvi akaonekana kwenye mstari wa nyumba zetu, anachechemea, anauliza. Alikuwa amemtaja Marietha, mke wa Kefa, na vijana hawakumjua. Alipoulizwa ni Marietha gani, akasema alikuwa na paka. Wakamleta moja kwa moja mpaka mlangoni kwake.

Nilimtambua kabla wifi yangu hajamtambua. Alikuwa Mazengo. Ameacha kazi ya reli baada ya kuumia nyonga, amemtembelea binti yake aliyeolewa Ikungi, akaona si vizuri apite bila kusalimu. Alikwenda kwanza mahame. "Nikakuta uwanja umefagiwa vizuri na nyumba haina paa," akasema. "Nikaogopa, nikadhani ni wazimu wangu."

Marietha akamletea kigoda na maji. Alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele, kama alivyozoea kuipumzisha. Mazengo akanywa maji, akashusha kata, macho yake yakatua kwenye nyayo za mwenyeji wake.

"Lo, shemeji! Magaga bado? Kumbe hukupaka?"

"Kupaka nini?"

"Malimau."

"Malimau gani?"

"Si yale niliyoleta! Mwenzio aliyanunua treni iliposimama, akayachagua moja moja. Alikuwa ameambiwa na mama mmoja wa kota kwamba limau linalainisha magaga. Akasema huyu mke wangu namjua, ataona malimau atayatia kwenye mboga. Mwambie malimau si ya kula." Mazengo akanyamaza kidogo, akakunja kiganja akasugulia kisigino chake mwenyewe. "Paka."

Nikalisikia lile neno, nikalisema moyoni kwa namna yetu, nikalisema kwa namna yake. Maneno yaleyale. Kilichopungua siku ile kilikuwa pumzi moja tu, na pumzi Mazengo hakuwa nayo, alikuwa ametoka mbio. Nikamtazama Marietha. Alikuwa anazitazama nyayo zake kama za mtu mwingine.

"Hakuwa anamsema paka," akasema.

"Paka yupi?" Mazengo akauliza.

Karani alikuwa amelala kwenye kivuli cha ukuta, mzee, meno yamemwisha, hana habari.

"Na jibu langu," Marietha akasema taratibu. "Ulimpa jibu gani?"

"Ulilonipa. Nilikuwa nalirudia ndani ya lori nisilisahau. Nikamwambia, anasema, paka, amesikia."

"Naye?"

"Alifurahi, shemeji! Akasema basi amekubali, atapaka, na aliniahidi mwenyewe miguu ikipona atakuja. Akapaka chokaa ndani ya kota, kuta zote. Akanunua sufuria jipya. Kila lori likitoka Manyoni anasimama, anatazama nani anashuka. Sisi kwenye genge tulikuwa tunamtania, tunamwambia Kefa, miguu ya mkeo bado inakauka limau. Kiangazi kikaisha, masika yakaja. Akawa hasimami tena. Alisema, mtu akishasema amesikia halafu haji, ndiyo hataki."

Wifi yangu akajifunika uso kwa kanga. Nilimsogelea nikamshika bega, na mara ile hakujali kwamba kuna mgeni. Alilia kwa sauti. Nililia naye, kwa ajili yake na kwa ajili ya yule Mnyiramba mjinga aliyesimama kando ya njia anatazama malori. Mazengo alikaa pale ameshika kata tupu, uso umemshuka, hajui amekosa nini. Ikabidi nimweleze mimi. Nilipomaliza akavua kofia yake akaiweka chini.

"Mungu wangu," akasema. "Ni mdomo wangu huu."

"Si mdomo wako," Marietha akasema ndani ya kanga. "Ni masikio yangu. Nilisikia nililokuwa naliogopa." Alipojifunua, akauliza lile lililobaki. "Yuko wapi sasa?"

"Yuko Itigi bado." Mazengo akajikuna shingo. "Ana mke, shemeji. Luciana, binti wa mrina asali. Wana watoto wawili. Wanaishi vizuri."

"Anampenda?"

"Wanaishi vizuri," Mazengo akarudia.

Nilipika ugali wa uwele na mlenda, tukamkaribisha akala. Marietha hakugusa, lakini alimnawisha mgeni mikono na kumwongezea mboga mpaka akashiba. Akamwuliza Kefa amenenepa au amekonda. Akauliza kama bado anavaa ile kofia ya pama, kama bado anakohoa asubuhi, watoto wanafanana na nani. Mazengo alijibu kila swali kwa uangalifu, polepole, kama anayetembea juu ya vigae. Mtoto wa kwanza, alisema, anafanana na baba yake mtupu.

Jua lilipopinda akainuka. Alisema atapitia Itigi kuchukua vitu vyake kabla ya kurudi kwao Manyoni, na Kefa atamwona kwa vyovyote. Tulimsindikiza mpaka barabarani, Marietha anachechemea upande huu, Mazengo anachechemea upande ule, mimi katikati. Basi la kutoka Singida likaonekana kwa vumbi lake.

"Shemeji," Mazengo akasema, "nimpelekee neno gani?"

Marietha akafikiri. Basi lilikuwa limeshafika karibu.

"Mwambie nilitaka kuja."

Mazengo akafungua mdomo kulirudia, akaufunga. Akamgeukia kabisa, ana kwa ana. "Ngoja. Safari hii nataka nilibebe sawasawa. Nimwambie ulitaka kuja, au nimwambie unataka kuja? Ni maneno mawili hayo."

Utingo alikuwa anapiga bati, anaita watu. Marietha aliitazama njia ya kuelekea Manyoni mpaka nikadhani hakusikia.

"Nataka," akasema.

Kisha akamshika Mazengo mkono wa shati kabla hajakanyaga ngazi.

"Lakini wewe mwambie nilitaka."